Mdogo wangu kazibwa tundu la moyo, sasa kichwa upande mmoja kila saa nane usiku. Kuna aliyepitia?

#1 Dada wa Mabibo
Wakuu salaam. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 21, yuko chuo mwaka wa pili. Mwaka jana kwenye vipimo vya kawaida daktari alisikia moyo una mlio, eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha tundu kati ya vyumba viwili vya juu. Februari wakamziba kwa kupitia mshipa wa paja, kifua hakikupasuliwa. Kesho yake anatembea, keshokutwa yuko nyumbani. Kwa moyo wenyewe hatuna malalamiko, ngazi za hosteli sasa anapanda bila kuhema.

Shida imeanza wiki ya tatu. Saa nane usiku anaamka kama kachomwa kisu nyuma ya jicho la kulia. Jicho hilohilo linatoa machozi, pua ya upande huohuo inachuruzika, kope inashuka. Kulala hawezi, kukaa hawezi. Anazunguka uani, anafungua bomba anaingiza kichwa chini ya maji. Juzi nimemkuta anagonga paji la uso kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Dakika arobaini au hamsini, halafu kinakata ghafla, anarudi kulala. Kesho saa ileile. Panadol ni kama anameza chaki.

Kliniki ya moyo wamesema kifaa kimekaa vizuri, nendeni kwa daktari wa kichwa. Wa kichwa kasema ni mawazo ya mitihani. Swali langu: kuzibwa moyo kunaweza kuleta hiki kichwa?

#2 Bongo Lala
Nimeweka kigoda hapa. Pole dada.

#3 Mzee Kijiwe
Saa nane usiku ni saa zao hizo. Upande wa pili mmeangalia? Kijana wa mtaani kwetu alikuwa hivyohivyo, akapelekwa kwa mtaalamu, leo anaendesha lori.

#4 Kipanga
Shikamoo Mzee Kijiwe, lakini wewe hata gari likikosa mafuta utasema lina jini.

Dada, hiyo ni kipandauso. Mke wangu anayo tangu sekondari. Upande mmoja, jicho linauma, anatapika. Anafunga mapazia, hatutakiwi hata kukaanga kitunguu. Mpe propranololi ataona.

#5 Zamu ya Usiku
Kipanga umejijibu mwenyewe. Mke wako anafunga mapazia na kulala kimya. Huyu kijana anazunguka uani na kugonga nguzo. Mwenye kipandauso akitikiswa kidogo maumivu yanazidi, kwa hiyo hatikisiki. Huyu mwingine hatulii, na hiyo ndiyo alama kubwa ya kuwatenganisha.

Ninachokisoma hapa kinaitwa klasta, maumivu ya kichwa yanayokuja kwa mafungu. Upande mmoja kuzunguka jicho, machozi na kamasi upande huohuo, kope kushuka, dakika 15 hadi saa tatu. Yanaweza kuja mara moja kila siku mbili hadi mara nane kwa siku, na yana saa yake kama mtu aliyetega kengele, mara nyingi mtu akiwa usingizini. Fungu linakaa wiki kadhaa mpaka miezi, kisha linapotea hata mwaka mzima. Ni nadra, kama mtu mmoja kwa kila elfu, ndiyo maana wengi wanakosea. Mimi nesi, miaka kumi na kitu ya wodi, nimewaona wawili tu.

Na tafadhali usimpe propranololi ya jirani kijana mwenye kifaa kwenye moyo bila daktari wake kujua.

#6 Bongo Lala
Klasta mimi najua ile ya walimu kwenda semina na kurudi na posho.

#7 Zamu ya Usiku
Hii hairudi na posho.

#8 Valvu ya Chuma
Poleni. Mimi nina valvu ya bandia tangu 2016, moyo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni ambayo nyumbani walidhani ni mafindofindo tu. Ukumbi ukiwa kimya wenzangu wanasikia tiki tiki tiki wanaanza kutafuta saa ya nani.

Nataka kusema hivi: kichwa baada ya moyo kisichukuliwe poa. Mwaka wa pili baada ya upasuaji nilipata kichwa cha ajabu, nikanunua diklofenaki ya maumivu dukani. Nilipofika hospitali INR, kipimo cha wepesi wa damu, ilikuwa 6, wakati kwangu inatakiwa kati ya 2.5 na 3.5. Damu ilikuwa nyepesi kama maji ya bomba. Bahati yangu picha ya kichwa haikuonyesha damu imevuja. Dada, mdogo wako anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda kama mimi?

#9 Dada wa Mabibo
Asanteni. Warfarini hatumii. Alipewa aspirini ndogo ya miezi sita na klopidogreli, nayo ya kuzuia damu kuganda, ya mwezi mmoja. Joto hana, kupooza hana, kuongea anaongea vizuri. Diklofenaki hajapewa, na baada ya kusoma #8 hata Panadol naogopa.

#10 Duka la Dawa
Panadol kwa kipimo chake usiiogope. Ogopa zile tembe zilizochanganywa aspirini na kafeini, watu wanazimeza kama karanga. Ukizitumia zaidi ya siku kumi kwa mwezi, dawa yenyewe inageuka kuwa sababu ya kichwa. Nina wateja wa hivyo watatu mtaa mmoja.

Kuhusu swali la msingi: ndiyo, jambo la kichwa kuanza baada ya kuzibwa tundu linajulikana. Wakanada walilichunguza, likatoka jarida la JAMA mwaka 2015. Wagonjwa 171 waliozibwa tundu kama hilo, wote hawakuwa na historia ya kipandauso. Nusu walipewa aspirini peke yake, nusu aspirini na klopidogreli kwa miezi mitatu. Wa aspirini peke yake, asilimia 21.8 walipata vichwa vipya. Wa dawa mbili, asilimia 9.5. Kwa hiyo mtu mmoja kati ya watano, si habari ya kijiweni.

Maelezo yao: kifaa kikiwa kipya, chembe za damu zinazogandisha zinakirukia kama nzi kwenye embe, zinatengeneza vibonge vidogo na kumwaga kemikali, vinakwenda kichwani. Ukuta wa moyo ukishaota juu ya kifaa, miezi mitatu hadi sita, mchezo unaisha.

#11 Zamu ya Usiku
Mkuu Duka la Dawa, nashukuru kwa takwimu lakini usiruke mstari. Huo utafiti ulihesabu kipandauso, si klasta. Mleta mada asije akaenda kudai klopidogreli kwa sababu ya ugonjwa mwingine.

#12 Duka la Dawa
Kweli, ni kipandauso. Lakini nani amethibitisha huyu ana klasta? Wewe umesoma aya mbili kwenye simu.

#13 Zamu ya Usiku
Na wewe umesoma aya zilezile.

#14 Kipanga
Mimi bado nasema kipandauso. Tuendelee.

#15 Wa Barabara ya Thika
Niaje wadau, naandika kutoka Kenya. Binamu yangu, miaka 24, moyo ulikuwa unakimbia ghafla hadi mapigo 200. Wakaingiza nyaya kwa paja, wakatoboa ukuta katikati ya moyo kufika upande wa kushoto, wakachoma ile njia mbovu ya umeme wa moyo. Wiki mbili baadaye akaanza kuona vimeta, mistari ya kona kona kama migongo ya bati, halafu kichwa. Tulidhani ni kiharusi. Daktari akatuambia ni ile shimo ndogo waliyotoboa: damu inapita kando bila kuchujwa na mapafu, itajifunga yenyewe. Baada ya miezi mitatu ikaisha, hakumeza chochote.

Sasa huyu wa Dada shimo limezibwa na kichwa kimekuja. Wa kwetu shimo lilifunguliwa na kichwa kikaja. Mnaelewa hapo?

#16 Bongo Lala
Hapo hata mimi nimeamka.

#17 Mfukua Makabrasha
Hiyo ya Wa Barabara ya Thika ina historia ndefu, acheni niimwage.

Mwaka 2000 daktari wa moyo Mwingereza, Peter Wilmshurst, aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu wapiga mbizi aliowaziba tundu la moyo kwa sababu ya ugonjwa wa viputo vya hewa. Wengi waliokuwa na kipandauso wakasema kimepungua au kimeisha. Tundu lenyewe si la ajabu, kila watu wazima wanne mmoja analo dogo ambalo halikujifunga baada ya kuzaliwa. Watu wakashangilia: ziba moyo, ponya kichwa!

Kampuni moja ya Boston, NMT Medical, ikagharamia utafiti Uingereza, ukaitwa MIST. Wagonjwa 147, nusu wakazibwa kweli, nusu wakalazwa wakachanjwa kidogo kwenye paja bila kuzibwa, wote hawajui. Matokeo yakatoka 2008: waliopona kabisa ni watatu huku na watatu kule. Sare. Wilmshurst, aliyekuwa ndani ya utafiti huohuo, akasema hadharani kwamba mambo hayakuripotiwa sawasawa. Kampuni ikamshtaki kwa kuichafulia jina, akagoma kukaa kimya, kesi ikaburuzwa miaka, mpaka 2011 kampuni yenyewe ikafunga milango.

Kwa hiyo tundu na kichwa vina uhusiano, lakini uhusiano gani, hao waliolipwa kuutafuta walirudi mikono mitupu.

#18 Valvu ya Chuma
Yaani mtu anachanjwa paja halafu anaambiwa nenda nyumbani? Mimi ningedai nauli.

#19 Pemba Peponi
Asalaam aleikum. Mie nna neno moja. Hicho kifaa kimefumwa kwa nini? Vingi ni nitinoli, yaani nikeli na titani. Weye dada, nduguyo akivaa saa ya bei rahisi mkono hauwashi? Ngozi chini ya kitovu, pale kifungo cha jinzi kinapogusa, haitoki vipele?

Mwanangu hawezi hereni za mapambo, masikio yanachuruzika maji siku ya pili, kumbe ni nikeli. Daktari wake wa moyo alipojua akauliza mara tatu kabla ya kumziba. Wako walioandika kuwa mwenye mzio wa nikeli huumwa kichwa sana wiki za mwanzo.

#20 Dada wa Mabibo
Pemba Peponi umenishtua. Nimemuita hapa nikamfunua fulana. Chini ya kitovu ana alama nyeusi ya mviringo saizi ya shilingi mia. Anasema ni ya tangu kidato cha pili, alidhani ni mkanda unabana.

#21 Kipanga
Na mimi ninayo hiyo alama, na moyo wangu mzima. Nusu ya vijana wa mitumba wanayo.

#22 Zamu ya Usiku
Ni kweli, na nikeli ikilaumiwa kwa kila kitu tutaanza kutupa vijiko. Wazo si baya, ila waliopimwa mzio ule wa ngozi na kukutwa nao, wengi wanaishi na vifaa hivyo bila shida. Mwambieni daktari, msikimbilie kutaka kitolewe. Kukitoa ni kufungua kifua.

Kitu kinachonisumbua mimi ni ile kope. Dada, kope inarudi juu kichwa kikikata, au inabaki imeshuka mchana kutwa? Na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya pili?

#23 Mkaa Pembeni
Naomba niingie. Kabla ya kuzibwa si hupuliziwa au kuchomwa nitrogliserini kupanua mishipa? Hiyo najua inaleta kichwa. Baba yangu huweka kidonge chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, kichwa kinampasuka.

#24 Zamu ya Usiku
Nitrogliserini inaamsha klasta kweli, maabara za utafiti ziliitumia makusudi. Lakini inafanya kazi ndani ya saa chache na kwa mtu ambaye fungu lake limeshaanza. Haiwezi kusubiri wiki tatu. Pombe nayo ni hivyohivyo, ndani ya fungu bia moja inatosha.

#25 Bongo Lala
Dada, kijana anagusa?

#26 Dada wa Mabibo
Anasema hagusi. Amesema akiangalia dari.

Zamu ya Usiku: kope mchana iko sawa, nimemsimamisha dirishani nikampiga picha. Mboni siwezi kujua, macho yetu ni meusi tii.

#27 Zamu ya Usiku
Tumia tochi ya simu pembeni, si mbele ya jicho. Nauliza kwa sababu kope iliyoshuka na mboni ndogo inaweza pia kutoka kwenye mshipa mkubwa wa shingo uliochanika, na huo hausubiri. Kama inarudi kila mara ni nafuu, lakini kwa kuwa ni fungu lake la kwanza maishani, apigwe picha ya kichwa na shingo. Na kama aliwahi kupata joto, jasho la usiku au jino bovu tangu azibwe, damu ioteshwe maabara. Vijidudu vikikaa kwenye kifaa kipya, kichwa kinaweza kuwa barua ya kwanza. Miezi sita ya mwanzo hata kung'oa jino kunahitaji dawa kabla.

#28 Duka la Dawa
Nakubaliana na #27 kila neno. Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Dada, ile klopidogreli ya mwezi mmoja, aliimaliza?

#29 Dada wa Mabibo
Ndiyo, mwezi.

#30 Duka la Dawa
Una uhakika au unadhani? Chukua kadi ya kliniki, hesabu na maganda ya dawa.

#31 Kipanga
Wakati tunasubiri kadi: umri wa klasta kuanza ni upi?

#32 Zamu ya Usiku
Mara nyingi 20 hadi 40, wanaume zaidi.

#33 Kipanga
Basi mbona tunahangaika? Ana 21, mwanaume. Hata asingezibwa angeumwa. Mngemkuta amenunua pikipiki Februari mngesema ni pikipiki.

#34 Wa Barabara ya Thika
Hiyo sasa ni akili. Lakini wiki tatu kaka, wiki tatu!

#35 Mzee Kijiwe
Mimi nilisema upande wa pili mkacheka. Sasa mna kifaa, nikeli, vibonge, nitro, pikipiki. Jini alikuwa mmoja tu, rahisi.

#36 Dada wa Mabibo
Wakuu, nimerudi na kadi. Naandika mikono inatetemeka.

Kadi inasema klopidogreli siku 30. Maganda niliyoyakuta kwenye begi lake ni ya siku 14. Nimembana, akasema alipewa za kuanzia, za kumalizia zilitakiwa kununuliwa, akaona nimeshakopa kwenye kikoba kwa ajili ya vipimo, akanyamaza. Alijua aspirini inatosha. Wiki mbili dawa zikaisha, wiki ya tatu kichwa.

Siku zote hizo nalala chumba cha pili yake.

#37 Valvu ya Chuma
Dada usijilaumu. Mimi warfarini niliwahi kuigawa nusu nusu ili ifike mwisho wa mwezi, mama hajui mpaka leo. Sisi wa moyo tunajiona tumeshagharimu vya kutosha.

#38 Duka la Dawa
Tarehe zinaongea.

#39 Zamu ya Usiku
Zinaongea, lakini zinaongea kipandauso. Sibishani, kesho nendeni na maganda hayo kwa daktari wa moyo, usimnunulie mwenyewe.

Na usiku wa leo kikianza, nendeni hospitali ya karibu muombe oksijeni: lita 12 hadi 15 kwa dakika, barakoa yenye mfuko, akae ameinama mbele, dakika 15 hadi 20. Waingereza waliipima, ikatoka 2009: asilimia 78 ya mashambulizi yalitulia ndani ya robo saa, kwa hewa ya kawaida ni 20. Haina ugomvi na moyo wake. Sindano ya sumatriptani ya kukata kichwa ndiyo inataka daktari athibitishe mishipa ya moyo ni mizima.

#40 Mkaa Pembeni
Oksijeni si hata fundi wa kuchomelea mageti anayo? Jirani yangu ana mtungi mkubwa.

#41 Zamu ya Usiku
HAPANA. Mtungi wa gereji haujasafishwa kwa ajili ya pafu, na hana kipima mtiririko wa mgonjwa. Tena uani kuna jiko la mkaa. Mtawasha mtaa.

#42 Bongo Lala
Mkaa Pembeni, jina limekufaa, kaa pembeni.

#43 Dada wa Mabibo
Mrejesho baada ya siku tisa, samahani kwa ukimya.

Usiku ule kilianza saa nane na dakika kumi. Bodaboda, kituo cha afya. Kijana wa zamu alisema oksijeni ni ya wenye shida ya kupumua, kipimo cha kidoleni kinasoma 98, haihitaji. Nikamwonyesha #39 kwenye simu. Akasoma, akamtazama mdogo wangu anavyozunguka benchi, akasema "haya, tujaribu". Dakika ya kumi na moja mdogo wangu akaacha kutikisa mguu. Ya kumi na tano akauliza kama kuna chai.

Daktari wa moyo kamrudishia klopidogreli mpaka miezi mitatu itimie. Daktari mpya wa mishipa ya fahamu kasema ni klasta, akampa verapamili ya kuzuia mashambulizi, lakini kwanza ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na ECG nyingine kila dozi ikipanda, kwa sababu inachelewesha umeme wa moyo. Picha ya shingo ni safi. Tangu juzi ameamka mara moja tu, dakika ishirini.

#44 Duka la Dawa
Klopidogreli hiyo.

#45 Zamu ya Usiku
Verapamili hiyo.

#46 Kipanga
Fungu limefika mwisho wake lenyewe hilo. Na kwa kituo cha afya, mlifika baada ya nusu saa, kilikuwa kinakata tu.

#47 Pemba Peponi
Na saa kavua?

#48 Dada wa Mabibo
Kavua, na mkanda kabadilisha. Kwa hiyo mimi hapa sijui nimshukuru nani.

#49 Mzee Kijiwe
Mimi nilimuombea dua kimyakimya. Niwekeni kwenye orodha.

#50 Mama Wawili
Habari zenu. Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Binti yangu ana miaka 17, amezibwa mwezi wa sita, kwake kichwa ni pande zote mbili na anaona giza akisimama. Nianzishe uzi mpya au niendelee hapa?

#51 Duka la Dawa
Endelea hapahapa mama. Kadi ya kliniki iko karibu? Na maganda.